Bibi Salme na Kalamu: Wanawake na Vitabu Kati ya Muscat na Zanzibar Katika Karne ya 19

Leo tunaelekea Muscat, mji mkuu wa Oman, na kutoka huko tutavuka bahari hadi Zanzibar na hatimaye Ujerumani, tukifuata nyayo za mwanamke mmoja na kitabu chake.

Kila mwaka mji wa Muscat huandaa maonyesho ya kimataifa ya vitabu. Anayepita katika safu za vitabu hivyo hukuta riwaya, diwani za mashairi na tafiti zilizoandikwa na wanawake wa Kiomani, na hakuna anayestaajabu. Mwaka 2019 Bibi Jokha Alharthi wa Oman alikuwa mwandishi wa kwanza wa lugha ya Kiarabu kupata tuzo ya kimataifa ya Booker, aliyoipokea pamoja na mtarjumi wake, Bibi Marilyn Booth. Habari hiyo ilipokelewa kwa furaha kubwa nchini mwake, zikiwemo nyumba nyingi za Muscat ambamo Kiswahili bado kinazungumzwa na familia zilizorudi kutoka Afrika Mashariki.

Hata hivyo, tukirudi nyuma zaidi ya karne moja na nusu, tunakuta hali iliyokuwa tofauti kabisa. Katika jamaa ya kifalme iliyotawala Muscat na Zanzibar, msichana alifundishwa kusoma, lakini hakufundishwa kuandika. Mmoja wao alijifundisha kuandika kwa siri, na kalamu hiyo ikamwingiza katika fitina ya kisiasa, ikamsaidia katika upweke wa ugenini, na mwishowe ikampa jina ambalo ndugu zake wengi hawakulipata. Huyo ni Sayyida Salme binti Said, ambaye wasomaji wa Ulaya walimjua kwa jina la Emily Ruete.

Kwa nini kusoma kuliruhusiwa na kuandika kukakatazwa? Na kwa nini kitabu cha binti wa Sultani wa Muscat na Zanzibar hakikuchapishwa Muscat wala Zanzibar, bali Berlin, tena kwa lugha ya Kijerumani?

Ili kuyajibu maswali hayo, inafaa kwanza tukumbuke jinsi Muscat na Zanzibar zilivyokuwa zimefungamana. Seyyid Said bin Sultan wa ukoo wa Al Busaidi, aliyezaliwa mwaka 1791, alishika utawala wa Oman mwaka 1806 baada ya misukosuko iliyofuata kuuawa kwa baba yake mwaka 1804. Katika miaka ya 1830 alianza kuhamishia makao yake Zanzibar hatua kwa hatua, akavutiwa na biashara ya pembe za ndovu na watumwa na kilimo cha karafuu. Hata hivyo hakuiacha Muscat. Alisafiri mara kwa mara kati ya miji hiyo miwili, na jamaa zake walikaa pande zote mbili za bahari. Watoto waliozaliwa Oman walijiona bora kuliko ndugu zao waliozaliwa Afrika.

Si kweli kwamba elimu ilikuwa kitu kigeni kwa wanawake wa Oman. Historia ya nchi hiyo inamtaja Sheikha Aisha bint Rashid al-Riyamiyya wa Bahla, mwanachuoni wa zama za utawala wa Yaarubi, ambaye watu walimwendea kwa maswali ya fiqhi. Hata hivyo wanawake wa namna hiyo walikuwa wachache. Kwa binti wa kawaida, na hata kwa binti wa mfalme, elimu ilimaanisha kuhitimu kusoma Qurani Tukufu na kujua ibada zake. Kuandika kulihesabiwa kuwa kazi ya wanaume, yaani ya makadhi, makarani na wafanyabiashara.

Bibi Salme alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, kaskazini ya mji wa Zanzibar. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkesi aliyetekwa utotoni baada ya wazazi wake kuuawa vitani. Jumba la Mtoni lilikuwa na watu wengi na ndimi nyingi. Mbele ya Seyyid Said ilipasa kusemwa Kiarabu, lakini akishatoka kilisikika Kiswahili, Kicherkesi, Kihabeshi, Kiajemi, Kituruki na lugha nyinginezo. Watoto wa kike na wa kiume walifundishwa pamoja na mwalimu wa kike. Wavulana waliendelea hadi kujifunza kuandika, na wasichana wakaishia kusoma.

Salme hakuridhika na mpaka huo. Katika kumbukumbu zake anaeleza kwamba alianza kuziiga herufi za Qurani kwa kuzinakili juu ya mfupa wa bega la ngamia, kifaa ambacho wanafunzi wa zama hizo walikitumia kama ubao. Alifanya hivyo kwa siri. Alipoona kwamba anaweza, alimtafuta mtumwa mmoja aliyekuwa na elimu ili amnyooshee mwandiko. Jambo hilo lilipojulikana, alilaumiwa sana, lakini yeye hakujali. Hapa kuna jambo la kuzingatia, nalo ni kwamba mwanamke huyu, ambaye baadaye angekuja kuutetea utumwa kwa maandishi, alinyooshewa mwandiko na mtumwa. Tutalirudia jambo hilo.

Sasa tujiulize: kulikuwa na khofu gani katika kuandika? Msomaji hupokea maneno ya wengine, ilhali mwandishi huyatuma ya kwake. Katika jamii ambamo wanawake wa daraja la juu walikaa ndani na kutoka usiku wakiwa wamejifunika, waraka ungeweza kwenda mahali ambapo mwenyewe hakuruhusiwa kwenda, na kuzungumza na mtu ambaye mwenyewe hakuruhusiwa kuonana naye. Walezi wa binti walifikiria zaidi barua za mapenzi. Matukio ya mwaka 1859 yalionyesha kwamba kulikuwa na barua za hatari zaidi kuliko hizo.

Seyyid Said alifariki dunia baharini mwezi Oktoba mwaka 1856, akiwa safarini kutoka Muscat kurudi Zanzibar. Dola yake iligawanyika. Mwanawe Thuwaini alishika Muscat na mwanawe mwingine, Majid, akashika Zanzibar, na mwaka 1861 mgawanyo huo ulithibitishwa kwa uamuzi wa Lord Canning, mtawala wa Kiingereza wa India. Kabla ya uamuzi huo, ndugu yao mwingine, Seyyid Barghash, alijaribu kumpindua Majid huko Zanzibar. Bibi Khole, mmoja wa mabinti wa Seyyid Said, alikuwa upande wa Barghash, na kwa mapenzi aliyokuwa nayo kwa dada yake huyo, Salme naye akajiunga nao. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 15.

Kundi hilo lilihitaji katibu atakayewaandikia wakuu mbalimbali na kupanga mambo ya silaha na baruti. Katika nyumba za wanawake, ambamo njama nyingi zilifanyika kwa kuwa askari hawakuweza kuingia, aliyejua kuandika alikuwa Salme. Hivyo binti aliyelaumiwa kwa kujifunza kalamu akawa karani wa uasi. Nyumba ya Barghash ilipozingirwa, dada zake walimtoa akiwa amevaa mavazi ya kike, akapita mbele ya walinzi na kukimbilia shambani walikokusanyika wafuasi wake. Uasi ulishindwa kwa msaada wa jeshi la majini la Uingereza, na Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay. Majid hakumwadhibu Salme, lakini wengi katika jamaa walimgeuzia uso. Mama yake alikuwa amekwishafariki mwaka huohuo, na Salme akabaki mpweke.

Mpenzi msikilizaji, katika miaka hiyohiyo kulikuwa na mwanamke mwingine katika pwani ya Afrika Mashariki aliyekuwa akitunga kazi ambayo ingemzidi umri. Huyo ni Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa Pate. Mumewe, Bwana Mataka, alikuwa mtawala wa Siyu na mmoja wa wapinzani wakubwa wa Seyyid Said. Mwaka 1845 majeshi ya Seyyid Said yalishindwa vibaya huko Siyu. Kwa maneno mengine, Mwana Kupona na Bibi Salme walitoka katika nyumba mbili zilizopigana vita.

Mwana Kupona, akiwa mgonjwa, alitunga utendi wa nasaha kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima, karibu mwaka 1858. Utendi huo ulinakiliwa kwa hati ya Kiarabu, ukasomwa na kuhifadhiwa majumbani, na wanawake wengi wa pwani waliujua kwa moyo. Haukuhitaji mtambo wa kupigia chapa ili uwafikie wasomaji wake. Njia yake ilikuwa sauti na mkono wa mnakili, na njia hiyo ilikubalika kwa mwanamke kwa kuwa maneno yalitoka kwa mama kwenda kwa binti. Ulichapishwa baadaye na wataalamu wa Kiingereza, akiwemo Bibi Alice Werner, na mwaka 1934 yeye na William Hichens waliutoa kama kitabu. Wakati huo Mwana Kupona alikuwa amekwisha kuiaga dunia zaidi ya miaka 70.

Tukiwalinganisha wanawake hawa wawili, tunaona kwamba tatizo la zama zile halikuwa kwamba wanawake hawakuwa na la kusema, wala kwamba hawakutunga. Kulikuwa na milango mitatu, nayo ni kusoma, kuandika na kuchapisha, na kila mlango ulikuwa na mlinzi wake. Wanawake wengi wa daraja la Salme waliupita mlango wa kwanza. Mwana Kupona alitunga, na maneno yake yakahifadhiwa kwa maandishi. Lakini mlango wa tatu, wa kukipeleka kitabu kwa umma usiojulikana, kikiwa na jina la mwanamke na habari za nyumba yake, ulikuwa umefungwa kabisa. Salme aliupita tu baada ya kupoteza karibu kila kitu.

Habari za kupoteza huko zinajulikana na wengi. Alipohamia mjini Zanzibar, Salme alifahamiana na jirani yake, Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara Mjerumani kutoka Hamburg. Alishika mimba, na maisha yake yakawa hatarini. Mwezi Agosti mwaka 1866 alitoroka usiku kwa meli ya kivita ya Uingereza iitwayo Highflyer na kufika Aden. Huko alijifungua mtoto wa kiume, na mwezi Mei mwaka 1867 alibatizwa kwa jina la Emily na kufunga ndoa na Bwana Ruete. Wakasafiri kwenda Ulaya, na mtoto wao huyo wa kwanza akafariki njiani. Huko Hamburg walizaliwa watoto wengine watatu. Mwezi Agosti mwaka 1870 mumewe aligongwa na tramu na kufariki dunia. Salme akawa mjane katika nchi ya ugenini, na lugha ya nchi hiyo alikuwa bado anajifunza. Mali iliyobaki haikutosha, na kwa miaka iliyofuata alihama kutoka mji mmoja wa Ujerumani hadi mwingine, akifundisha Kiarabu ili apate riziki.

Ilikuwa katika hali hiyo ndipo alipoanza kuandika. Katika dibaji ya kitabu chake, iliyoandikwa mwaka 1886, anasema kwamba alianza miaka tisa kabla ya hapo, na kwamba nia yake ya kwanza ilikuwa kuwaachia watoto wake habari za asili yao, kwa kuwa afya yake ilikuwa mbaya naye hakutarajia kuwaona wakikua. Hapa tena tunamkumbuka Mwana Kupona. Wote wawili walichukua kalamu wakati wa ugonjwa, na wote walimwandikia mtoto. Tofauti ni kwamba Mwana Hashima aliijua vyema dunia ya mama yake, ilhali watoto wa Salme walikulia Ujerumani na hawakuijua Mtoni wala Muscat. Mama yao ilimbidi aieleze kila kitu tangu mwanzo, kuanzia namna ya kuvaa, kula na kufunga mwezi wa Ramadhani, hadi namna ya kuwalea watoto na kuwazika wafu. Kwa sababu hiyo kitabu kilichokusudiwa watoto watatu kikawa na manufaa kwa kila msomaji asiyeijua nchi hiyo.

Wakati huohuo huko Zanzibar mambo yalikuwa yamebadilika. Seyyid Majid alifariki mwaka 1870 na Seyyid Barghash akashika utawala. Mtawala huyu alileta mtambo wa kupigia chapa, na kuanzia mwaka 1880 matbaa yake ilichapisha vitabu vya wanavyuoni wa Kiibadhi, kikiwemo kitabu kikubwa cha sheria cha Qamus al-Sharia kilichotungwa na mwanachuoni wa Oman. Hilo lilikuwa tukio kubwa kwa elimu ya Oman, kwa maana maandiko yaliyokuwa yakinakiliwa kwa mkono kwa vizazi vingi sasa yalipata chapa. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba mashine haikuwepo. Mashine ilikuwepo katika mji aliozaliwa Salme, na mwenyewe alikuwa ndugu yake, yule ambaye Salme alimwandikia barua za uasi mwaka 1859. Lakini haikuwekwa kwa ajili ya habari za maisha ya mwanamke, na hasa si mwanamke aliyetoroka, akaacha dini yake na kuolewa na mgeni.

Hivyo mwaka 1886 kitabu chake, katika juzuu mbili, kilitoka Berlin kwa Kijerumani, kikiitwa Kumbukumbu za Binti Mfalme wa Kiarabu. Mwaka 1888 kilitolewa kwa Kiingereza, ambako mwandishi alitambulishwa kuwa amezaliwa binti mfalme wa Oman na Zanzibar. Mara nyingi hutajwa kuwa ndicho kitabu cha kwanza kinachojulikana cha mwanamke wa Kiarabu kuyasimulia maisha yake mwenyewe.

Si vibaya kuashiria hapa hali ya kwingineko. Huko Uingereza dada watatu wa ukoo wa Brontë walichapisha kazi zao za kwanza, katika miaka ya 1840, kwa majina yaliyoficha kwamba wao ni wanawake. Nchini Misri, Aisha Taymur, aliyezaliwa mwaka 1840, alizikimbia kazi za kutarizi alizotakiwa na mama yake kuzifanya, akapata walimu kwa idhini ya baba yake, na baadaye akachapisha mashairi na masimulizi. Na mwaka 1892 Hind Nawfal alianzisha huko Alexandria jarida la wanawake liitwalo Al-Fatat. Kwa hiyo Salme hakuwa peke yake katika zama zake. Lakini Aisha Taymur aliandika kwa lugha yake na kusomwa na watu wake, na bahati hiyo Salme hakuwa nayo.

Je, kitabu chenyewe kina nini? Kwa mpenzi wa historia ya Muscat, moja ya sehemu zenye kuvutia ni ile inayomhusu mwanamke wa jamaa yake, binti wa Imam Ahmad bin Said, ambaye historia humtambua kwa jina la Bibi Moza. Mwanamke huyo alishika hatamu wakati Seyyid Said alikuwa bado mdogo. Salme anasimulia jinsi wakuu walivyotaka kumpinga, jinsi Muscat ilivyozingirwa na maadui, na jinsi Bibi Moza alivyovaa mavazi ya kiume usiku na kwenda mwenyewe kukagua walinzi. Kisa hicho kilisimuliwa katika jamaa yao, na kwa kukiandika, Salme alikihifadhi kama kilivyokumbukwa nyumbani. Msomaji makini atahitaji kukilinganisha na tarikh nyingine, kwa kuwa masimulizi ya jamaa hukuza baadhi ya mambo. Lakini bila kalamu ya Salme, sauti ya ndani ya nyumba hiyo isingetufikia.

Halikadhalika, kitabu kinawajibu watu wa Ulaya waliodhani kwamba wanawake wa Kiarabu ni wafungwa wasio na akili wala uwezo. Salme anawaonyesha wanawake wenye mali, mashamba na kauli. Yeye mwenyewe alirithi shamba na fedha baba yake alipofariki, wakati ambapo mwanamke aliyeolewa nchini Uingereza bado hakuwa na mamlaka kamili ya kisheria juu ya mali yake.

Katika upande mwingine, kitabu hiki kina doa ambalo haifai kulifunika. Salme aliutetea utumwa. Alidai kwamba watumwa wa Waarabu waliishi vizuri, akawalaumu Waingereza kwa kutaka kuukomesha haraka, na akaandika maneno ya dharau juu ya Waafrika. Mali aliyorithi ilitokana na jasho la watumwa katika mashamba ya karafuu. Mama yake mwenyewe alikuwa ametekwa na kuuzwa, na mwandiko wake ulinyooshwa na mtumwa. Mtumwa huyo, pamoja na watu waliochuma karafuu na waliowabeba watoto wa Mtoni migongoni, hawakuacha kitabu cha kumjibu. Kwao milango yote mitatu ilifungwa. Yeyote anayemsifu Salme kwa kuivunja kufuli ya kalamu anapaswa pia kuwakumbuka wale waliokuwa nje ya nyumba yenyewe.

Kuna suala jingine linalojadiliwa na wanahistoria, nalo ni siasa. Mwezi Agosti mwaka 1885, mwaka mmoja kabla ya kitabu kutoka, Salme alirudi Zanzibar akiwa chini ya ulinzi wa manowari za Ujerumani. Serikali ya Bismarck wakati huo ilikuwa ikimshinikiza Seyyid Barghash akubali madai ya Wajerumani katika bara la Tanganyika, na madai ya urithi wa dada yake yalikuwa silaha moja zaidi mkononi mwao. Watu wengi wa mji walimpokea kwa heshima, lakini Barghash alikataa kuonana naye. Wajerumani walipopata walichokitaka, suala lake likaachwa. Alijaribu tena mwaka 1888, baada ya kifo cha Barghash, na hakufanikiwa. Kutoka hapo alienda kuishi Jaffa na Beirut kwa miaka mingi. Alirudi Ujerumani mwaka 1914 na kufariki dunia mjini Jena mwaka 1924. Alizikwa Hamburg kando ya mumewe. Miongoni mwa vitu vyake kulikutwa mfuko wenye mchanga wa pwani ya Zanzibar.

Kazi zake ziliendelea kutoka hata baada ya kifo chake. Mwanawe, Rudolph Said-Ruete, aliyeandika kitabu juu ya babu yake Seyyid Said mwaka 1929, aliikabidhi maktaba yake huko Leiden, Uholanzi. Miongoni mwa karatasi zilizohifadhiwa kulikuwa na maandishi ya mama yake juu ya maisha ya Ujerumani, yaliyotungwa kwa mtindo wa barua kwenda nyumbani. Maandishi hayo yalichapishwa kwa Kiingereza mwaka 1993 na mtaalamu E. van Donzel, pamoja na kumbukumbu za awali. Humo anaonekana mwanamke mwenye uchungu zaidi kuliko yule wa mwaka 1886, anayesema wazi juu ya baridi, umaskini na wasiwasi wa imani yake.

Nako Muscat, kitabu kilichozaliwa uhamishoni hatimaye kilifika nyumbani kwa baba yake. Tafsiri ya Kiarabu ilichapishwa huko na Wizara ya Urithi wa Taifa na Utamaduni ya Oman. Hilo si jambo dogo. Jamaa ya kifalme iliyomfuta binti huyu katika hesabu zake ndiyo ileile ambayo serikali yake ilikitoa kitabu chake kwa lugha ambayo yeye mwenyewe hakupata kukichapisha. Katika jumba la makumbusho la kifalme lililopo Forodhani, Zanzibar, alitengewa chumba chake. Huko Hamburg uwanja mmoja ulipewa jina lake mwaka 2019, kisha baada ya watu kuyarejea maandishi yake juu ya utumwa, jina hilo likaondolewa. Mwanamke mmoja, vipimo viwili. Na pengine vyote viwili vina haki.

Wanawake wa Oman walioandika baada yake hawakulikwepa suala hilo. Mwaka 1999 Badriya al-Shihhi alichapisha riwaya inayohesabiwa kuwa ya kwanza kuandikwa na mwanamke wa Kiomani, nayo inamfuata mwanamke anayeuacha mlima wa kwao na kuvuka bahari kuelekea Afrika Mashariki. Naye Jokha Alharthi, katika riwaya iliyompatia tuzo mwaka 2019, aliyoichapisha kwa Kiarabu mwaka 2010, ameweka kati ya wahusika wake wakubwa mwanamke aliyezaliwa utumwani. Ikumbukwe kwamba nchini Oman utumwa ulipigwa marufuku rasmi mwaka 1970 tu. Kwa hiyo kalamu ambayo Salme aliitumia kuutetea utumwa, mikononi mwa wajukuu wa nchi ya baba yake inatumika kuwapa sauti wale ambao yeye hakuwasikiliza.

Wapenzi wasikilizaji, wahenga walisema elimu ni bahari. Kwa Bibi Salme bahari hiyo ilianzia kwenye mfupa wa ngamia huko Mtoni, na kila alichokipata kwa kalamu alikilipia kwa kitu kingine: sifa yake, nchi yake, dini yake ya utotoni na lugha yake. Anayenunua leo kitabu cha mwanamke katika maonyesho ya Muscat anakilipia fedha tu. Ni vyema akumbuke gharama waliyolipa waliotangulia, pamoja na wale ambao hawakupewa hata nafasi ya kulipa.